Kibaba Kilichomo Ndani ya Swali: Kiswahili cha Hojaji na Upimaji wa Shughuli za Mwili

1.0 Utangulizi

Kabla ya kilo kuenea katika masoko ya pwani, nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi. Vibaba vinne vilikuwa pishi moja, na kila mnunuzi alijua kwamba kibaba kilichobonyea chini hupunja. Kasoro ya kibaba cha namna hiyo haikuwa kubadilikabadilika. Kilipunja leo, na kesho kikapunja kwa kiasi kile kile. Mtu aliyetaka kukikagua kwa kupima mara mbili nafaka ile ile angeridhika bure, kwa kuwa angepata jibu moja mara zote mbili.

Makala haya yanahusu kibaba cha aina nyingine, yaani hojaji inayotumiwa kuwauliza watu wazima ni kwa kiasi gani wanashughulisha miili yao. Hojaji hizo zimekuwa chanzo kikuu cha takwimu ambazo kwazo serikali na mashirika ya afya hupanga mikakati ya kupambana na shinikizo la damu, kisukari na maradhi ya moyo. Dai linalotolewa hapa ni kwamba swali lenyewe ndilo chombo cha kupimia, na kwamba chombo hicho kinapoundwa kwa Kiswahili hapana budi kikaguliwe kama Kiswahili. Hadi sasa aghalabu hukaguliwa kama takwimu tu, na ukaguzi wa namna hiyo hauwezi kukigundua kibaba kilichobonyea.

2.0 Asili ya hojaji na kinachohesabiwa

Utafiti maarufu wa awali kuhusu shughuli za mwili na moyo haukuhitaji kumwuliza mtu yeyote alivyoutumia mwili wake. Mwaka 1953 Jeremy Morris na wenzake walichapisha matokeo yaliyolinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva aliketi siku nzima, na kondakta alipanda na kushuka ngazi. Makondakta walionekana kupatwa na maradhi ya moyo kwa kiasi kidogo kuliko madereva. Aina ya kazi ilitosha kuwa kipimo.

Njia hiyo haikuweza kutumika kwa mataifa mazima, ambamo mtu mmoja huwa mkulima asubuhi, mchuuzi alasiri na mpishi jioni. Ndipo zikatungwa hojaji za kimataifa. Ya kwanza kupata umaarufu ni IPAQ, iliyoanza kuandaliwa mwaka 1998 na ambayo matokeo ya majaribio yake katika nchi 12 yalichapishwa mwaka 2003. Ya pili ni GPAQ ya Shirika la Afya Duniani, yenye maswali 16 kuhusu kazi, safari za kila siku, mapumziko ya kujiburudisha, na muda wa kuketi. GPAQ ni sehemu ya utaratibu wa uchunguzi uitwao STEPS, uliotumika Tanzania Bara mwaka 2012 na Kenya mwaka 2015.

Majibu ya mhojiwa hugeuzwa kuwa namba kwa kipimo kiitwacho MET. MET moja ni nguvu anayotumia mtu aliyeketi kimya. Katika hesabu za GPAQ, kila dakika ya shughuli ya wastani huhesabiwa kuwa MET 4, na kila dakika ya shughuli nzito MET 8. Aliyefikisha jumla ya 600 kwa wiki huandikwa kuwa ameushughulisha mwili vya kutosha, na asiyefikisha huandikwa kuwa hakufanya hivyo.

Kwa hesabu za namna hii, uchambuzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba asilimia 27.5 ya watu wazima duniani hawakufikia kiwango mwaka 2016. Kwa Kuwait kadirio lilikuwa asilimia 67, na kwa Tanzania asilimia 6 hivi. Kadirio la Tanzania lilikuwa miongoni mwa madogo kabisa duniani. Hata hivyo, uchunguzi wa mwaka 2012 ulimkuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini humo akiwa na shinikizo la juu la damu. Mambo haya mawili hayapingani kwa lazima, kwani shinikizo lina sababu nyingi. Lakini mpangaji wa afya anayeelezwa kuwa watu 94 kati ya 100 wanajishughulisha vya kutosha ataiondoa shughuli ya mwili katika orodha ya mambo ya haraka. Ikiwa namba hiyo imetokana japo kwa sehemu na swali lililoeleweka vibaya, uamuzi wake umejengwa juu ya mchanga.

3.0 Uthabiti si ukweli

Wataalamu wa vipimo hutofautisha sifa mbili. Ya kwanza ni uthabiti, yaani kipimo kutoa jibu lile lile kinaporudiwa. Ya pili ni uhalali, yaani kipimo kupima kile kinachodaiwa kupimwa. Uhusiano wa majibu huonyeshwa kwa namba ambayo ikikaribia 1 huwa imara, na ikikaribia sifuri huwa haupo.

Matokeo ya IPAQ ya mwaka 2003 yanafundisha sana. Wahojiwa walipoulizwa mara ya pili, majibu yao yaliafikiana na ya kwanza kwa kiasi cha 0.8 hivi. Majibu hayo yalipolinganishwa na kifaa kinachovaliwa mwilini kurekodi mwendo, maafikiano yalikuwa karibu 0.3 tu. Majaribio ya GPAQ katika nchi tisa, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalikuwa na sura hiyo hiyo: 0.67 hadi 0.81 kwa kurudia swali, na 0.06 hadi 0.35 kwa kulinganisha na vifaa. Watu walijibu kwa uthabiti, lakini walichokijibu hakikuwa sawasawa na kile kifaa kilichokiona.

Nchi za Afrika zilizokuwamo katika majaribio hayo ya GPAQ ni Ethiopia na Afrika Kusini. Hakuna hata moja ambamo Kiswahili ndicho lugha kuu ya mawasiliano. Kwa hiyo uthabiti na uhalali uliotangazwa ni wa maswali yaliyoulizwa kwa lugha nyingine. Kuuhamishia kwenye tafsiri ya Kiswahili bila kuipima tafsiri hiyo ni sawa na kukiamini kibaba cha Mombasa kwa sababu cha mji mwingine kilikaguliwa.

4.0 Saa, muda na jembe

Tatizo lililo wazi zaidi limo katika neno saa. Katika Kiswahili sanifu saa ni nomino isiyobadilika katika wingi, na hutaja mambo mawili: wakati uliopo katika mzunguko wa siku, na urefu wa muda. Swali "Unalima saa ngapi kwa siku?" laweza kumaanisha ni kwa muda gani mtu hulima. Lakini kwa msikilizaji wa kawaida, "saa ngapi" kwanza kabisa huuliza wakati. Jibu "Saa tano" nalo lina utata ule ule.

Utata huu unakuzwa na hesabu ya Kiswahili ya saa, inayoanzia mapambazuko. Tuseme mkulima ameingia shambani saa kumi na mbili asubuhi na kutoka saa tano. Amelima kwa muda wa saa tano kamili. Akijibu "Saa tano" akiwa na maana ya wakati anaotoka, na mdadisi akaandika muda wa saa tano, kosa limetokea lakini namba imesalimika. Mkulima wa pili, aliyewapeleka kwanza watoto shule na kuingia shambani saa mbili, naye hutoka saa tano. Huyu amelima kwa muda wa saa tatu tu, lakini jibu lake ni lile lile na ataandikiwa saa tano. Zimeongezeka dakika 120 kwa siku. Akilima siku sita kwa wiki ni dakika 720, na kwa kipimo cha MET 8 ni 5,760. Kiwango kinachotakiwa ni 600. Kosa moja la neno moja limezidi kiwango chote kwa zaidi ya mara tisa.

Mkulima huyo akiulizwa tena baada ya wiki moja, atajibu tena "Saa tano". Jedwali la uthabiti litaonyesha maafikiano kamili. Hiki ndicho kibaba kilichobonyea.

Hapa lipo jambo linalowahusu moja kwa moja walimu wa sarufi. Wasemaji wengi husema masaa wanapotaja muda, na kuacha saa kwa ajili ya wakati: "alikuja saa tano, akangoja masaa matano". Umbo hili limekemewa kwa miaka mingi katika madarasa na vitabu kuwa si sanifu. Lakini wasemaji hao wamejitungia tofauti ambayo sarufi ya vitabuni haina, na mtafsiri mwangalifu anayelikwepa neno masaa ili asikosolewe huondoa alama pekee iliyomwonyesha mhojiwa kinachoulizwa. Si lazima mjadala wa usanifu uamuliwe ndani ya hojaji. Inatosha kuuliza maswali mawili, "Huanza wakati gani?" na "Humaliza wakati gani?", pamoja na muda wa mapumziko, kisha mdadisi afanye kazi ya kutoa. Jambo lisilofaa ni kujifanya kwamba utata haupo.

5.0 Kazi, mazoezi, kutembea na kukaa

Maneno mengine manne yanastahili kuangaliwa. La kwanza ni kazi. GPAQ inakusudia kazi yote, ya malipo na isiyo ya malipo, zikiwamo kazi za nyumbani, kuvuna, kuvua samaki, hata kutafuta ajira. Katika matumizi ya leo, hasa mijini, kazi ni ajira. Mama aliyeteka maji, akatwanga, akafua na kupika, akiulizwa anafanya kazi gani, hujibu bila kusita: "Sina kazi, nipo tu nyumbani." Mdadisi asiyemfafanulia huruka sehemu nzima ya maswali, na siku yenye jasho jingi huandikwa sifuri.

Zaidi ya hayo, kazi ni neno lenye uzito wa siasa. Kaulimbiu ya TANU ilikuwa "Uhuru na Kazi". Sheria ya mwaka 1983, iliyojulikana kwa jina la Nguvu Kazi, iliwaandama watu wa mijini walioonekana kuzurura bila kazi. Mwaka 2015 uchaguzi ulifanyika kwa sauti ya "Hapa Kazi Tu". Mzee aliyepitia nyakati hizo, akitembelewa na mgeni mwenye karatasi za serikali na kuulizwa kama anafanya kazi ya kutumia nguvu, ana sababu ya kutotaka kuonekana mvivu. Kutia chumvi katika jibu lake si uongo wa kawaida. Ni adabu na tahadhari.

La pili ni mazoezi. Neno hili limetokana na kuzoea, na hutumika kwa wanamichezo, askari na wanafunzi wa hesabu. Anayesukuma mkokoteni kutwa hajioni kuwa anafanya mazoezi, na hana haja ya kujiona hivyo. Tafsiri inayotumia mazoezi ya mwili kama jina la shughuli zote za mwili humwondoa mtu huyu katika hesabu, na kumwingiza anayekimbia ufukweni Jumamosi jioni.

La tatu ni kutembea. Mtu "aliyekwenda kutembea kwa shangazi" huenda alipanda daladala kutoka mlangoni hadi mlangoni, kwa kuwa kutembea pia ni kuzuru. Kwenda kwa miguu ndiyo kauli isiyo na shaka.

La nne ni kukaa. Hojaji huuliza muda ambao mtu hutumia akiwa ameketi au amejinyoosha. Lakini kukaa ni kuketi, ni kuishi, na ni kubaki mahali. Anayesema "nakaa nyumbani siku nzima" hasemi kwamba yu kitini. Pengine hajapata nafasi ya kukiona kiti tangu alfajiri. Hata kuketi kwenyewe si kupumzika kila mara, kwani anayekuna nazi juu ya mbuzi ameketi na mabega yake yanafanya kazi. Kwa upande mwingine, kupumzika si kuketi kila mara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu Wahadzabe wa maeneo ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, ulionyesha kwamba hupumzika kwa karibu muda wa saa kumi kwa siku wakiwa macho, lakini sehemu ya muda huo wamechuchumaa au wamepiga magoti, mikao ambayo huiacha misuli ya miguu ikifanya kazi. Kiswahili kina maneno ya kutenganisha mikao hiyo yote. Hojaji imechagua neno moja lisilotenganisha.

6.0 Wiki ya kawaida

Hojaji hutaka mhojiwa aeleze wiki ya kawaida, au siku saba zilizopita. Dhana hii imetokana na maisha ya ofisi na kiwanda. Mkulima hana wiki ya kawaida. Ana wiki za kutayarisha shamba, za palizi, za mavuno, na za kungoja mvua. Uchunguzi uliofanyika wakati wa masika na uliofanyika wakati wa kiangazi ni vipimo vya watu wawili katika mwili mmoja.

Mfano wa pwani ni dhahiri zaidi. Kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani, mashariki mwa Unguja, mwaka 1989, na sehemu kubwa ya wakulima wake ni wanawake. Kazi yao hufuata bamvua, siku ambazo maji hutoka mbali na kuyafichua mashamba. Yakija maji mafu, mashamba hubaki chini ya maji. Mzunguko huu huchukua takriban wiki mbili. Siku saba za mtafiti zaweza kuangukia bamvua, zikaonyesha kazi ya sulubu, au kuangukia maji mafu, zikaonyesha mapumziko. Katika hali hii hata kurudia swali baada ya wiki moja kutatoa majibu mawili tofauti, nayo yatahesabiwa kuwa udhaifu wa uthabiti. Ukweli ni kwamba mhojiwa amesema kweli mara zote mbili.

Vivyo hivyo kuhusu sharti la dakika kumi mfululizo, lililomo katika GPAQ iliyotumika kwa miaka mingi. Chukulia mfano wa kubuni wa mama anayetembea dakika saba kwenda kisimani na dakika saba kurudi na ndoo kichwani, mara sita kwa siku. Ni dakika 84 kwa siku, au 588 kwa wiki. Hata kwa kipimo cha wastani tu zinafika 2,352, karibu mara nne ya kiwango. Hata hivyo hakuna mwendo wake uliofikisha dakika kumi, na kwa herufi ya swali hakufanya lolote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 uliliondoa sharti hilo katika mapendekezo yake. Takwimu zilizokusanywa kwa sharti hilo, lakini, bado zinatumika katika ulinganisho wa miaka.

7.0 Hoja za upande wa pili

Zipo hoja tatu zinazoweza kutolewa dhidi ya msimamo huu. Ya kwanza ni kwamba katika sampuli kubwa makosa hufutana. Hoja hii ni sahihi kwa makosa yanayotokea kwa bahati, pale ambapo huyu amezidisha na yule amepunguza. Haifai kwa makosa yaliyomo ndani ya lugha, kwa sababu haya huvuta upande mmoja. Kuongeza idadi ya wahojiwa huifanya namba iliyopotoka ionekane ya uhakika zaidi.

Hoja ya pili ni kwamba tafsiri hukaguliwa kwa kurudishwa katika Kiingereza na mfasiri mwingine. Njia hii hukamata makosa ya wazi, lakini haiukamati utata. Mfasiri msomi anayesoma "saa ngapi kwa siku" katika hojaji hujua kinachotakiwa na kukirudisha sawasawa. Ameelewa kwa sababu ya usomi wake. Mkulima aliyesimama na jembe mkononi hana orodha ya maswali yote mbele yake ya kumsaidia kukisia.

Hoja ya tatu ni kwamba heri kuacha kuuliza na kutumia vifaa. Vifaa vina manufaa makubwa na bei yake imeshuka. Lakini kifaa cha kiunoni hakiuoni mzigo ulio kichwani, hakipimi vyema kuendesha baiskeli, na hakijui kama mtu alitembea kwa kupenda au kwa kukosa nauli. Tofauti hiyo ya mwisho ni kubwa kwa mpangaji wa afya. Anayetembea kwa kukosa nauli ataacha kutembea siku atakapoipata. Ni swali pekee linaloweza kuligundua hilo, na kwa hiyo kuuliza kutaendelea. Kinachobaki ni kuuliza vizuri.

8.0 Hitimisho

Hatua zinazopasa kuchukuliwa si ngumu. Kabla ya hojaji kupelekwa uwanjani, wahojiwa wachache wa mjini, shamba na pwani waombwe kulieleza kila swali kwa maneno yao wenyewe, na kusema walichokuwa wakihesabu kichwani walipojibu. Muda upatikane kwa kuuliza mwanzo na mwisho wa shughuli, ukisaidiwa na alama ambazo watu huzitumia kweli, kama alfajiri, adhuhuri, alasiri na magharibi. Kazi zitajwe kwa majina yake: kulima kwa jembe, kutwanga, kuteka maji, kupasua kuni, kusukuma mkokoteni, kupanda minazi. Tarehe ya mahojiano iandikwe pamoja na msimu, na kwa watu wa pwani pamoja na hali ya maji. Kundi dogo la wahojiwa livae vifaa, ili kosa la swali lijulikane ukubwa wake badala ya kukisiwa. Na matini kamili ya Kiswahili ya kila hojaji ichapishwe pamoja na ripoti, ili msomaji aione mizani iliyotumika.

Wajibu huu haukuwaangukia madaktari peke yao. Idara za Kiswahili zimetumia miongo mingi kuunda istilahi za sayansi, na kazi hiyo ina heshima yake. Lakini istilahi ni lugha ya mtaalamu kwa mtaalamu mwenzake. Swali la hojaji ni lugha ya mtaalamu kwa mtu asiyemjua, kwa dakika chache, huku mtu huyo akiwa na shughuli zake. Mwanaisimu anayejua kwa nini "saa tano" ina maana mbili anaijua sehemu ya kipimo ambayo mwanatakwimu hawezi kuiona katika jedwali lake. Akikaa kimya, kibaba kitaendelea kupunja, na kila kitakapopimwa tena kitatoa jibu lile lile.